Nukta Mbili na Homa ya Usiku Mmoja

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili, na wiki ile ninayoisimulia nilikuwa nimerudishiwa jaribio la hisabati lenye alama ambazo sikuthubutu kumwonyesha mama. Mada ilikuwa mlinganyo wa mstari mnyoofu. Tulipewa nukta mbili na kutakiwa kutafuta mlinganyo wa mstari unaopita katika nukta hizo, nami nilikosa maswali yote matano kwa kosa moja tu: nilipotafuta mwinamo, ambao darasani tuliuita gredienti, niligawanya badiliko la mlalo kwa badiliko la wima. Mwalimu hakuandika mengi. Chini ya swali la mwisho alichora ngazi ndogo kwa kalamu nyekundu, akaweka mshale mmoja wa kupanda na mwingine wa kwenda mbele, kisha akaandika: "Kupanda gawanya kwa kwenda." Nililifunga daftari bila kuusoma mchoro ule mara ya pili.

Tuliishi Ngamiani, mjini Tanga. Siku mbili baadaye mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka mitatu, alishikwa na homa. Jioni alikataa uji, na ilipofika saa nne usiku mwili wake ulikuwa unachoma, macho yamelegea, wala halii tena. Baba alikuwa safarini. Muuguzi wa kliniki alikwisha kumwambia mama kwamba homa ya mtoto yule ikifika nyuzi 39 asisubiri kuche, kwa hiyo mama akakitoa kipimajoto ambacho shangazi alituletea kutoka Houston. Kilikuwa cha plastiki nyeupe, kirefu kama kidole cha kati, chenye kidirisha kidogo cha tarakimu. Akakibana kwapani mwa mtoto, kikalia, tukainama wote wawili chini ya taa kukisoma. Kiliandika 102.2.

"Mia moja na mbili?" mama akauliza. "Hiyo ndiyo ngapi, mwanangu?"

Nilijua kwamba Marekani hupima joto kwa nyuzi za Fahrenheit, na kwamba nyuzi 39 za muuguzi zilikuwa za Selsiasi. Kanuni ya kubadilisha tulifundishwa kwenye fizikia, lakini nilipoitafuta kichwani nilipata vipande tu. Palikuwa na 9 na 5, ila sikukumbuka ipi inakaa juu. Palikuwa na 32, ila sikukumbuka inajumlishwa au inatolewa. Simu ya mama ilikuwa ya tochi, isiyo na intaneti. Kitu ambacho sikuwa nimekisahau ni yale majaribio mawili yaliyochorwa kitabuni: barafu inayoyeyuka husoma 0 kwa Selsiasi na 32 kwa Fahrenheit, na maji yanayochemka, hasa mahali palipo usawa wa bahari kama kwetu, husoma 100 kwa Selsiasi na 212 kwa Fahrenheit.

Nilipoziandika namba hizo nyuma ya daftari, mbili mbili ndani ya mabano, niliona kwamba lilikuwa swali lilelile la jaribio. Zilikuwa nukta mbili, (0, 32) na (100, 212). Umbali kati ya barafu na mchemko umekatwa katika hatua 100 zilizo sawa upande mmoja na hatua 180 zilizo sawa upande mwingine, kwa hiyo kila hatua ya Selsiasi huandamana na kiasi kilekile cha Fahrenheit, na hiyo ndiyo sababu nukta zote hujipanga kwenye mstari mnyoofu.

Nikagawanya. Mkono ulifanya uliyoyazoea: 100 kwa 180, nikapata 5 juu ya 9. Mstari ulikata mhimili wa wima kwenye 32, basi nikaandika, x ikiwa Selsiasi na y ikiwa Fahrenheit, y = 5x/9 + 32. Nilikuwa karibu kuendelea, lakini mama alikuwa amesimama pale akisubiri neno langu, na hofu ya kumpa jibu la uongo ikanifanya nifanye jambo ambalo sikuwahi kulifanya darasani: niliirudisha nukta ya pili ndani ya mlinganyo. Nilipoweka 100 nilipata 87 na kitu. Maji yanachemka kwenye 212. Mstari wangu haukupita huko kabisa.

Nikafungua ukurasa wenye ngazi nyekundu. Kupanda kulikuwa 212 kutoa 32, yaani 180. Kwenda kulikuwa 100. Mwinamo ni 9 juu ya 5, na mlinganyo ni y = 9x/5 + 32. Nikaweka tena 100, nikapata 180 na 32, yaani 212. Baada ya hapo nikaanza na 102.2, nikatoa 32, ikabaki 70.2; nikazidisha kwa 5, nikapata 351; nikagawanya kwa 9. Ilitoka 39 kamili, bila baki.

"Mama, ni thelathini na tisa."

Hakuniuliza mara ya pili. Alimfunga mtoto kwa kanga, nami nikakimbia barabarani kutafuta bajaji. Kwenye kituo cha afya muuguzi wa zamu alitumia kipimajoto cha kioo, akakiinua kwenye mwanga na kukizungusha taratibu mpaka uzi wa zebaki ukaonekana, umevuka kidogo alama ya 39. Mama alinitazama bila kusema kitu. Kipimo cha damu kilionyesha malaria, mtoto akaanzishiwa dawa mseto usiku uleule, na siku ya tatu alikuwa anagombania kikombe cha uji.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Anders Celsius, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742, aliuita mchemko 0 na barafu 100, na kipimo kikaja kugeuzwa baadaye. Nilikitua kitabu nikautafuta mlinganyo wa kipimo kile cha kwanza. Nukta zake ni (0, 212) na (100, 32), mwinamo wake ni hasi, na mstari unashuka: y = −9x/5 + 212. Kwa kipimo hicho, mtoto mwenye homa angekuwa na namba ndogo kuliko mtoto mzima.

Asubuhi baada ya usiku ule nilimtengenezea mama jedwali kwenye kipande cha boksi. Nilianza na 37, ambayo ni 98.6, na kila nilipopanda nusu nyuzi ya Selsiasi niliongeza 0.9 upande wa pili bila kukokotoa upya: 99.5, 100.4, 101.3, 102.2, 103.1, 104. Mstari wa 39 niliukoleza kwa kalamu nyekundu. Mama alilibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa, na kila mtoto alipochemka alishusha kidole chake juu ya namba hizo, polepole, mpaka kwenye ile nyekundu.