Mikono Mfukoni: Siku Moja Kambini na Vijana

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla yao. Jana niliwaambia viatu vilale ndani ya hema. Jozi tano zimelala nje. Wakiamka watavikung'uta kwanza, maana nge hupenda kujibanza humo.

Saa 1 asubuhi. Maji. Kijito kinang'aa na mmoja ameshainama anywe kwa kiganja. Namzuia. Tunachuja kwa kitambaa, kisha tunachemsha. Yakishatokota sawasawa, dakika 1 inatosha. Ukipanda zaidi ya mita 2,000, dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha.

Saa 3. Kila wawili wana njiti tatu za kiberiti. Karibu wote wanarundika magogo kwanza, halafu wanashangaa yakigoma kuwaka. Natia mikono mfukoni. Kwangu hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kutosaidia. Njiti zinakwisha, nyuso zinanuna. Ndipo binti mmoja anabomoa rundo lake na kuanza upya: majani makavu yaliyofikichwa, vijiti vyembamba kama njiti yenyewe, vya unene wa kidole, kuni mwisho, na nafasi ya hewa katikati. Njiti yake ya tatu inashika. Wengine wanamsogelea yeye, si mimi.

Saa 5. Dira ya kivuli. Fimbo wima, jiwe kwenye ncha ya kivuli, subira ya dakika 20, jiwe la pili. Kutoka la kwanza kwenda la pili ni mashariki, kwa kukadiria.

Saa 8. Zoezi la kupotea: kaa ulipo, puliza filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Wanalipenda mno, masikio yangu hayalipendi.

Saa 10. Wanapiga mahema. Kundi moja limechagua kibonde laini.
"Mvua ikija, maji yatapita wapi?"
"Mbingu nyeupe, mwalimu!"
Lingekuwa korongo la mto mkavu ningewahamisha papo hapo. Hapa watalowa tu, basi.

Saa 4 usiku. Mvua. Nawasikia wakiling'oa hema, wakigombania tochi, mmoja akicheka hadi akakohoa. Sitoki. Nalala macho wazi mpaka nisikie vigingi vikigongwa tena, safari hii juu ya kilima.