Jinsi nilivyoondoa #Error kwenye ripoti ya Access

Katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa aliniletea ripoti ya michango iliyotengenezwa kwa Microsoft Access, programu ya hifadhidata. Safu ya Kiasi ilijaa #Error juu hadi chini, ilhali jedwali lenyewe lilikuwa na tarakimu safi kabisa.

Nilifungua ripoti upande wa usanifu (Design View), nikabofya kisanduku cha Kiasi, nikabonyeza F4 kuona sifa zake. Kwenye Control Source, sifa inayosema kisanduku kichukue data wapi, kulikuwa na =Nz([Kiasi],0), ili ambaye hajachanga asomeke sufuri. Fomula haina kasoro. Shida ni kwamba ukiburuta uga (safu ya jedwali) na kuuweka kwenye ripoti, Access hukipa kisanduku jina lilelile la uga, kwa hiyo [Kiasi] ikawa inakiita kisanduku chenyewe. Nilibadili sifa ya Name ikawa txtKiasi. Basi, tarakimu zikatokea. Wengi huona kutanguliza txt ni mbwembwe za mafundi, lakini hapa ndipo faida yake.

Jumla ya chini nayo ilikuwa inagoma. Iliwekwa kwenye kijachini cha ukurasa (Page Footer), na huko Sum, fomula ya kujumlisha, haifanyi kazi, nikaihamishia kijachini cha ripoti. Hata hapo usiandike =Sum([txtKiasi]), maana Sum husoma uga wa jedwali au wa hoja (query), haisomi kisanduku. Andika =Sum(Nz([Kiasi],0)). Kijachini hicho kisipoonekana, bofya kulia ndani ya usanifu, chagua Report Header/Footer.