Muuza barafu wa Lamu akaenda kuona theluji Lenana

Mi kazi yangu ni barafu. Nauza samaki, sawa, lakini ukinifuata siku nzima utaona nashughulika na barafu kuliko samaki, nainunua, naivunja, naipanga kwenye boksi tabaka kwa tabaka, nafukuza watoto wanaokuja kudokoa vipande, na usiku naota imeyeyuka yote. Sasa kusi ilivyoingia na bahari ikachafuka, mashua zimetia nanga na sisi tuko barazani tunahesabu punda wanaopita, Mwalimu akaleta wazo, twendeni Mlima Kenya tukaone theluji. Mi nikawa wa kwanza kusema twende. Mama aliposikia akaniangalia hivi, akasema, barafu si unayo hapa, waenda kuitafuta nini huko mbali mwanangu?

Tulikuwa watatu, mi, Mwalimu na Nahodha. Mwalimu ni mtu wa vitabu, akivuka Mokowe tu kwa boti anatapika. Nahodha ndo kinyume chake kabisa, huyo amezeeka na bahari, kusi kaskazi yote kwake sawa, anafika Kiunga kwenye mawimbi ambayo wengine hata kuyaangalia hawataki. Tukiwa kwenye boti ya kwenda Mokowe asubuhi ile nikaropoka kwamba nitarudi na theluji mpaka Lamu, nitaileta kwenye chupa ya chai, ile yangu ya mdomo mpana. Nahodha akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka majini. Tukawekeana dau: theluji ikionekana kwa macho tukirudi gatini Mokowe, ananilipa, isipoonekana namlipa kilo mbili za kamba mawe. Mwalimu akawa shahidi, huku ameshika tumbo.

Safari ya kufika Nanyuki sitaieleza sana, ni basi tu, Witu, Garsen, Malindi, vizuizi, toa kitambulisho rudisha kitambulisho, Mombasa, Nairobi, halafu matatu masaa kama manne. Ila Nanyuki kuna kitu kilinishangaza, mji uko juu ya mstari wa ikweta kabisa, na tuliposhuka kwenye matatu jioni meno yanagongana. Ikweta! Sisi Lamu tuko digrii mbili tu kusini yake na tunalala na feni.

Tukakodi vitu pale, majaketi, glavu, slipingi begi, viatu. Viatu ndo ikawa kesi. Miguu ya Nahodha imezoea makubadhi na mbao za jahazi, imetanuka kama kasia, hakuna buti iliyomkubali, ikabidi apewe za mtu mkubwa zaidi na soksi tatu juu. Kiongozi wetu, mzee wa hukohuko mlimani, akatuangalia na vikoi vyetu shingoni akasema polepole, msishindane na mtu, na mtu akiumwa kichwa aseme, asifiche. Hiyo ya asifiche mngeikumbuka baadaye, sisi hatukuikumbuka.

Tulipita njia ya Sirimon. Geti liko kama mita 2,650, siku ya kwanza unalala kambi ya Old Moses, mita 3,300, siku ya pili unatembea mchana kutwa unapanda na kushuka mabonde mpaka Shipton, mita 4,200. Njiani kuna mimea sijawahi kuona, kuna moja kama kabichi iliyosimama juu ya mgomba, na lobelia zenye manyoya utadhani zimevaa sweta. Kambi ya Shipton ina pimbi, wanakuja mpaka miguuni kuomba mkate, wanene, hawana haya. Mzee akatuambia hawa ni ndugu wa ndovu. Tukacheka. Mwalimu akasema ni kweli, na nguva pia yumo kwenye ukoo huohuo. Basi Nahodha, ambaye nguva amemwona kwa macho yake huko upande wa Kiunga, akainama akamkazia pimbi macho muda mrefu sana, akasema, wallahi pua ndo hiyohiyo.

Hiyo ilikuwa jioni. Usiku hali ikabadilika. Chai ilichemka inatoa mapovu na mi nikainywa palepale bila kupuliza, kumbe juu kule maji yanachemka yakiwa na nyuzi kama 86 tu, ndo maana maharage ya mpishi yalikuwa yanakwaruza meno. Nahodha hakula. Nikamuuliza vipi, akasema nimeshiba. Nahodha kushiba!

Saa nane usiku tukaamshwa. Giza, taa za kichwani, upepo unaingia kwenye jaketi kama unajua tundu zote. Maji ya chupa niliyoacha nje ya begi yalikuwa jiwe. Tukaanza kupanda changarawe, ile unapiga hatua moja unarudi nusu, na hewa haitoshi, unavuta na haitoshi, huko juu hewa ni karibu nusu ya ile tunayovuta pwani. Kila hatua kumi nasimama. Mi najiona kijana, nabeba boksi la kilo 50 kila siku, lakini mlima hauna habari na boksi langu.

Tulipokaribia kile kiziwa kidogo cha Harris, Nahodha akakaa chini. Akatapika. Akasema kichwa kinagonga kama injini ya boti iliyokosa oili, na kumbe kilianza tokea mchana, alificha. Mzee hakubishana wala hakubembeleza, akamwambia msaidizi wake mshushe sasa hivi, dawa ya hii ni kushuka. Nahodha aliondoka amegeuza uso. Mi nilimwonea huruma kusema kweli, mtu asiyejua kichefuchefu cha bahari kapigwa na nchi kavu, na Mwalimu yule wa kutapika Mokowe kasimama pale mzima kama mnazi.

Sasa nifike kwenye theluji.

Alfajiri ilitukuta hapo hapo juu kidogo ya kiziwa. Tukataka kusali. Maji yote yameganda. Mi nikasema tutayamamu, tujipake vumbi badala ya maji, Mwalimu akasema subiri, akanimulikia taa pembeni ya njia, kwenye kivuli cha mwamba, kitu cheupe. Sikuelewa kwanza, nilidhani ni chokaa. Nikavua glavu nikakigusa, kikawa chepesi, chepesi kuliko machicha ya nazi yaliyokauka, kikaingia katikati ya vidole halafu kikauma. Hii siyo barafu yangu. Barafu yangu ni nzito, ina kona, inatoa jasho, inanuka samaki. Hii haina harufu yoyote. Nikaipaka mikononi mpaka ikawa maji, nikatawadha nayo kidogo kidogo, uso ukafa ganzi.

Nikasimama nikafunga sala, kibla ni kaskazini vilevile kama nyumbani, na nikaanza ile dua ya kufungulia ambayo nilifundishwa chuoni nina miaka sita au saba, ile ya kumwomba Mungu akuoshe makosa yako kwa maji na theluji na mvua ya mawe. Bil-mai wath-thalji wal-barad. Nimeisoma maisha yangu yote. Hilo neno thalji nimelitamka mara ngapi sijui, nikiwa na jasho, feni inazunguka, miguu kwenye mkeka, na sijawahi hata siku moja kujiuliza ni kitu gani. Nikafika hapo nikakwama. Mwalimu alishaenda rukuu, mi bado nimesimama. Vidole vilikuwa vinawaka. Nikairudia tena dua kutoka mwanzo.

Baada ya hapo tukamalizia. Juu kabisa kuna sehemu ya mwamba wamefunga nyaya na ngazi ya chuma, unashika na glavu huku huoni chini, bora hivyo. Tukafika Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya, mita 4,985, jua ndo linachomoza. Batian na Nelion, zile ncha mbili ndefu zaidi, ziko pale mbele karibu kabisa, 5,199 na 5,188, hizo si za sisi watu wa buti za kukodi, zinataka kamba na wajuzi. Majina yote matatu ni ya ukoo wa laiboni, yaani viongozi wa kiroho, wa Wamaasai. Mzee akasema usiku wa uhuru 1963 Kisoi Munyao ndo aliyepandisha bendera ya Kenya huku juu. Nikaangalia vidole vyangu visivyoweza hata kufunga zipu, nikajiuliza yule alifungaje kamba ya bendera.

Upande wa kusini theluji ilikuwa nyingi, miezi hii ndo upande unaoishika. Na chini yake mto wa barafu wa Lewis. Hapo sikufurahi. Nilitegemea kitu kikubwa, nikaona kipande cha kijivu kimelala bondeni kichafu. Mzee akanyoosha fimbo akaonyesha mwamba mtupu, akasema mi nikianza kazi ilikuwa inafika pale. Wengi wanaitazama kama mandhari, lakini mi barafu inayokufa naijua, inaanza kuliwa pembeni, inaingia vitundu, inapoteza weupe, halafu siku moja unafungua boksi. Mimi yangu nikiona hivyo napiga simu naletewa nyingine.

Nikajaza chupa. Nilishindilia kwa ngumi, tabaka kwa tabaka kama boksi la changu, maana theluji ni hewa tupu, usiposhindilia unabeba upepo. Sikutia chumvi kama alivyonishauri Mwalimu, chumvi inaiyeyusha haraka, mtu wa vitabu huyo. Nikafunga, nikazungushia kikoi, nikaiweka katikati ya slipingi begi. Tulipofika Shipton, Nahodha alikuwa anakunywa chai na kichwa kimepona, akataka afunguliwe aone. Nikamfungulia. Akachota akaweka ulimini, akanyamaza, akachota tena. Kosa langu la kwanza.

La pili Nanyuki, akasema hebu nihakikishe. La tatu Nairobi stendi, usiku, akasema shahidi anataka kuona. Nimwambie nini, kila ukifungua unaingiza joto, hiyo hata mtoto wa gatini anajua, na yeye anajua kuliko wote maana ni yeye anayepiga kelele watu wakiacha boksi la barafu wazi kwenye jahazi lake. Nikagundua mpango wake tukiwa tushapita Mombasa. Nikailalia chupa tumboni mpaka Witu.

Mokowe saa tisa, jua kali, wapagazi wanagombania mizigo. Nikafungua mbele ya mashahidi. Maji. Nikaingiza kidole mpaka chini, nikazungusha. Nikasema baridi bado ipo, guseni. Nahodha akagusa, akasema maji baridi hata duka la pale yapo. Mwalimu akamwunga mkono bila aibu.

Kamba bado sijamlipa, nimemwambia kusi itulie kwanza. Kila asubuhi anapita dukani ananiuliza upepo unasemaje.