Nilivyojibu swali la "hili somo lina faida gani?" kwa masomo ya wakati wa vita

Mwanafunzi anayeuliza hesabu itamfaa nini haridhiki na hotuba. Kwa hiyo niliacha hotuba, nikachukua kazi walizofanya vijana wa sekondari za Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya 1942 na 1945, nikazipanga katika vipindi sita vya dakika 80. Nilichagua shule zile kwa kuwa kila somo lilibanwa lijieleze. Novemba 1942 umri wa kuandikishwa jeshini ulishushwa hadi miaka 18, na mwezi Septemba mwaka huohuo serikali ilikuwa imeanzisha Victory Corps, mpango wa kuwaandaa wanafunzi kwa kazi za angani, nchi kavu, baharini, viwandani na za jamii.

Naanza na barua ya Admirali Chester Nimitz wa Jeshi la Majini la Marekani. Aliandika kwamba Jeshi la Majini liliwapima wanafunzi wapya 4,200 wa vyuo vikuu 27, na asilimia 68 wakaanguka sehemu ya kufikiri kwa hesabu. Naisoma mara moja tu, kisha tunashika penseli.

Vifaa ni karatasi ya grafu, rula, bikari, protrakta na penseli iliyochongwa vizuri. Penseli butu huharibu pembe kwa digrii nzima, na hapo jibu halifai tena.

Kazi ya kwanza ni pembetatu ya upepo, kiini cha somo la urubani lililoingizwa sekondari wakati ule. Ndege inaruka kwa kasi ya maili 120 kwa saa katika hewa. Rubani anataka kwenda mashariki kamili, yaani digrii 090 ukihesabu kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa. Upepo unatoka kaskazini kwa maili 30 kwa saa. Aelekeze pua wapi?

Sentimita 1 iwe maili 10 kwa saa. Weka nukta A, chora kutoka hapo mstari mrefu kwenda mashariki. Hiyo ndiyo njia. Kutoka A hiyohiyo chora upepo: sentimita 3 kuelekea kusini, uishie B. Fungua bikari sentimita 12, simika ncha kwenye B, kata mstari wa njia, pape jina C. Mwelekeo wa BC ndio wa pua: takriban digrii 075.5. Urefu wa AC ni sentimita 11.6, yaani kasi juu ya ardhi ni maili 116 kwa saa.

Makosa hapa ni mawili, na yote nayaacha yatokee kabla sijasema neno. La kwanza ni kusimika bikari kwenye A; mwanafunzi anapata 120 na kudhani upepo haukubadili kitu. La pili ndilo zito: kuchora upepo ukielekea kaskazini kwa sababu umeitwa wa kaskazini. Upepo huitwa kwa unakotoka. Aliyegeuza anapata digrii 104.5, pua imeelekea kusini, na upepo nao unasukuma kusini. Namwambia achore saa moja ya safari hiyo. Anagundua yuko maili 60 nje ya njia. Juu ya bahari, maili 60 maana yake hakuna kisiwa wala meli unayoitafuta. Mchoro huo umenisaidia kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuandaa.

Kazi ya pili ni aljebra ya kurudi salama. Ndege ina mafuta ya saa 5. Saa 1 ni akiba, haiguswi. Kwenda inasafiri maili 150 kwa saa, kurudi maili 100. Iende mbali kiasi gani? Karibu kila darasa hutafuta wastani, 125, na kujibu maili 250. Pima jibu hilo: kwenda saa 1 na dakika 40, kurudi saa 2 na nusu, jumla saa 4 na dakika 10. Dakika 10 zimeliwa kwenye akiba. Wastani unadanganya kwa sababu ndege inakaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole. Njia sahihi ni kuzidisha kasi mbili, kugawa kwa jumla yake, kisha kuzidisha kwa saa 4: 15,000 gawanya kwa 250 ni 60, mara 4 ni maili 240.

Jiografia inahitaji tufe na uzi tu. Vuta uzi kutoka Seattle hadi Tokyo, ukaze. Unapanda kaskazini, karibu na visiwa vya Aleutian vya Alaska. Kwenye ramani bapa ya Mercator, ile ambayo latitudo na longitudo ni mistari iliyonyooka, rula hupita katikati ya bahari. Hapo ndipo wanafunzi wanapoona uzito wa Attu na Kiska, visiwa baridi vya Aleutian vilivyotekwa na Wajapani Juni 1942. Kwenye ramani hiyo umbali wa baharini upimwe kwa vipimo vya latitudo vya pembeni, usawa wa mahali unapopima: dakika 1 ni maili 1 ya baharini. Anayepima kwa vipimo vya longitudo vya ukingo wa juu atakosea.

Uwiano naupitia haraka. Januari 1942 Jeshi la Majini liliomba wanafunzi wachonge mifano 500,000 ya ndege kwa kipimo cha 1:72, ya kufundishia kutambua ndege. Mfano ukitazamwa kwa futi 35 ni kama ndege halisi iliyo futi 2,520, karibu nusu maili. Milimita 1 iliyozidi kwenye bawa ni sentimita 7.2.

Uraia naupa vipindi viwili, kwa sababu hauna jibu la kupima kwa rula na mimi nauona ndio mzito kuliko yote. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu shule kuwalazimisha wanafunzi kusalimu bendera. Tarehe 14 Juni 1943, katikati ya vita, ilijigeuza katika kesi ya watoto wa Mashahidi wa Yehova: hawalazimishwi. Wakati huohuo zaidi ya watu 110,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani, walikuwa wameondolewa makwao na kuwekwa kambini baada ya amri ya rais namba 9066 ya Februari 1942. Ndani ya kambi hizo, kama Manzanar ya California, kulikuwa na sekondari, na uraia ulifundishwa humo, nyuma ya seng'enge. Naandika tarehe hizo tatu ubaoni, nagawa karatasi, na kila mmoja anaandika angemfundisha nini mwanafunzi wa Manzanar kuhusu katiba asubuhi ya tarehe 15 Juni 1943.