Anayepotea ni Binti wa Pili

Ukitaka kujua kama mahali fulani mimba zinatolewa kwa sababu mtoto aliye tumboni ni wa kike, usimwangalie mtoto wa kwanza. Huyo, akija wa kike, mara nyingi hupokelewa tu. Mwangalie wa pili na wa tatu, tena kwenye nyumba ambayo tayari ina msichana.

India jambo hili lilijitokeza waziwazi katika takwimu za kaya zaidi ya milioni 1 zilizokusanywa 1998. Kwa kawaida, wakizaliwa wavulana 1,000 huzaliwa wasichana 950 hivi. Kwenye familia ambazo mtoto wa kwanza alikuwa msichana, wasichana waliozaliwa wa pili walikuwa 759 tu kwa wavulana 1,000. Zenye wasichana wawili, wa tatu walishuka hadi 719. Ila familia zilizotangulia kupata mvulana, watoto wa kike waliofuata waliwazidi wa kiume. Tumbo halijui aliyetangulia alikuwa nani. Wanaojua ni watu wa nyumbani.

Hapa watu wengi huteleza kwenye kusoma namba. India huhesabu wasichana kwa wavulana 1,000. Korea na China huhesabu wavulana kwa wasichana 100. Kwa hiyo 834 ya jimbo la Haryana katika sensa ya 2011 ni sawa na wavulana 120 kwa wasichana 100. Halafu namba ya sensa ni ya watoto wa miaka 0 hadi 6, siyo ya waliozaliwa, maana yake imebeba pia binti aliyezaliwa akaumwa, akacheleweshwa kupelekwa hospitali, akafa. Kitaifa ilikuwa 945 mwaka 1991, 927 mwaka 2001, na karibu 919 mwaka 2011. Na tafadhali, usikilaumu kijiji kwa namba ya mwaka mmoja. Kijiji chenye vizazi 100 kinaweza kupata wavulana 60 na wasichana 40 bila mtu yeyote kufanya lolote. Hata kwenye vizazi 10,000 namba huweza kuyumba kati ya 916 na 990 kwa bahati tu. Kupongeza wilaya kwa sababu imepanda pointi 15 mwaka huu ni kupongeza upepo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tukisikia "mahari" tunafikiria kitu kinachoingia nyumbani kwa binti. Sehemu kubwa ya India ni kinyume: mali inatoka kwao binti kwenda kwa mume, ingawa sheria iliipiga marufuku tangu 1961. Miaka ya 1980 kliniki zilijitangaza bila aibu kwamba rupia mia chache za kipimo cha jinsia ya mimba leo zitakuokolea maelfu ya mahari kesho. Ongeza kwamba mwana wa kiume ndiye anayebaki na wazazi uzeeni, na ndiye anayetarajiwa kuwasha moto wa maiti ya baba yake. Mama mkwe anayemsukuma mkamwana kwenda kupimwa anapiga hesabu hizo zote, na yeye mwenyewe alipigiwa zilezile.

Sheria ya India ya 1994, iliyoanza kutumika 1996 na kukazwa 2003, haikugusa haki ya kutoa mimba, ambayo ipo tangu 1971. Ilichokataza ni kupima jinsia na kuisema, kwa mdomo, kwa ishara au kwa namna yoyote. Silaha yake kubwa ni karatasi inayoitwa Fomu F. Kila altrasaundi ya mjamzito lazima ijaziwe: jina na anwani, umri wa mimba, nani aliyemtuma, sababu ya kipimo kutoka orodha ya sababu 23, na tamko la mama kwamba hataki kujua jinsia. Chini yake daktari naye anatamka kwamba hakuisema. Kuna kisanduku kimoja ambacho mkaguzi makini hukikimbilia: idadi ya watoto walio hai, jinsia zao na umri wao. Panga fomu za mwaka mzima za kituo kimoja. Wachague akina mama wenye mabinti tu waliopimwa kati ya wiki ya 13 na ya 20. Kisha tafuta waliojifungua. Kituo kinachopoteza mimba nyingi katika kundi hilo kuliko kwa akina mama wenye wavulana kinajishtaki chenyewe.

Ndiyo maana madaktari walipolalamika kwamba wanafungwa kwa makosa ya uandishi, Mahakama ya Juu mwaka 2019 iliwakatalia: fomu isiyojazwa ni kosa lenyewe. Naungana na mahakama. Anayetaka kuficha huacha wazi kisanduku hichohicho.

Kesi nyingi hufia njiani. Mtego wa kawaida ni mjamzito anayejitolea kuwa chambo, akiwa na noti ambazo namba zake zimeandikwa kabla. Dalali huzipokea barabarani, humbadilishia gari, humpeleka kwenye mashine ya kubebeka jimbo la pili, na noti hazimfikii mpimaji kamwe. Jibu linatolewa kwa neno la fumbo. Shahidi baadaye anageuka. Kosa jingine ni la utaratibu: polisi hawawezi kupeleka kesi hii mahakamani wenyewe, ni lazima ifunguliwe na mamlaka ya wilaya, au raia aliyetoa notisi ya siku 15. Na mamlaka hiyo aghalabu ni mganga mkuu, daktari mwenzake mshtakiwa.

Jambo linaloniuma zaidi ni misako ya vidonge vya kutoa mimba kwenye maduka ya dawa. Vidonge hivyo hutumika hadi wiki ya 9, wakati altrasaundi bado haioni jinsia. Vipimo vya damu vya DNA huweza kuionyesha mapema zaidi, hata kuanzia wiki ya 7 hivi, lakini kipimo kinachotumika sana, altrasaundi, bado ni baada ya vidonge. Anayekamata vidonge ni nadra kumwokoa binti. Anamsukuma mwanamke mwingine kabisa kwa mkunga wa vichochoroni.

Korea Kusini ilikataza kusema jinsia tangu 1987, na bado 1990 walizaliwa wavulana 116.5 kwa wasichana 100. Kwa watoto wa tatu, 1993, wavulana walikuwa zaidi ya mara mbili ya wasichana. Uwiano ulirudi kawaida kufikia 2007, baada ya binti kupewa urithi sawa kuanzia 1991, wanawake kupata mishahara mijini, na daftari la ukoo lililomtambua mwanamume kuwa kichwa cha nyumba kuhukumiwa kuwa kinyume cha katiba mwaka 2005. Februari 2024 Mahakama ya Katiba ikafuta marufuku yenyewe.

India nayo ilimpa binti wa Kihindu sehemu sawa katika mali ya ukoo mwaka 2005. Lakini katika jimbo la Rajasthan kuna desturi iitwayo haq tyag, na hiyo haq ndiyo haki yetu sisi: kuacha haki. Baba akifa, dada anaombwa kusaini kwamba fungu lake la shamba amewaachia kaka zake. Anasaini, kwa sababu siku akikosana na wakwe, mlango wa kurudia ni wa kaka hao.