Boti iliyokataa kunyanyuka

Jumapili iliyopita boti ilinyanyuka. Naanza na habari njema makusudi, kwa sababu miezi minne iliyotangulia haikuwa na habari njema hata moja.

Boti yenyewe ni mfano wa Elco (jina la kiwanda) ya futi 80, mojawapo ya zile boti za PT, yaani boti za doria za kurusha topido, ambazo Jeshi la Majini la Marekani lilizitumia kwenye Vita Kuu ya Pili: ndefu, bapa, injini tatu za petroli za Packard tumboni, topido nne sitahani. Nimeitengeneza mwenyewe kuanzia ubao mtupu, kwa kipimo cha 1:24, na inaendeshwa kwa rimoti. Urefu sentimita 101 na ushee, upana 26.

Namba niliyoipaka omoni, yaani mbele ya boti, ni 109. Najua, najua. Kila anayeunda PT anapaka 109, kwa sababu nahodha wake alikuwa John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais. Lakini mimi kilichonivuta ni mzinga. Kabla ya safari yake ya mwisho, mabaharia wake walipata mzinga wa milimita 37 wa kupigia vifaru, wakaung'oa magurudumu, wakaufunga kwa kamba juu ya boriti pale omoni. Mchoro wa kiwandani hauna kitu hicho. Ni kazi ya watu waliosema "tufunge hivi hivi, mengine tutaona." Hao ni ndugu zangu kabisa. Usiku wa kuamkia 2 Agosti 1943, huko Visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani Amagiri ikaigonga boti na kuipasua. Kati ya watu 13 walikufa wawili. Waliobaki waliogelea hadi kisiwa kidogo, na wasiojua kuogelea walivushwa wakiwa wameng'ang'ania boriti iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya ule mzinga.

Sasa kazi. Ukisoma huku na huku utaambiwa boti hizi zilikuwa za plaiwudi. Si kweli. Zilikuwa na tabaka mbili za mbao za mahogani, kila moja unene wa inchi moja, zimelazwa mshazari zikipishana, na katikati yake turubai lililoloweshwa gundi. Nami nikaona nifanye hivyo hivyo. Mataruma 13 (mbavu za boti) ya plaiwudi ya milimita 3 niliyapanga juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, yote yakiwa kichwa chini kwenye ubao ulionyooka, kisha nikaanza kulaza vipande vya balsa, mti mwepesi sana, vya milimita 2. Tabaka la kwanza mshazari kwenda omo, la pili kwenda tezi, yaani nyuma. Kila kipande lazima kishikiliwe mpaka gundi ishike, na vibanio pekee nilivyokuwa navyo kwa wingi ni vya nguo. Mke wangu alianika nguo kwenye migongo ya viti wiki mbili nzima bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Juu ya balsa nikatandika kitambaa chembamba cha nyuzi za glasi na epoksi. Kisha msasa. Nampenda msasa kupita kiasi, na kumbuka hilo, maana ndilo litakalokuja kunitokea puani. Nilipiga msasa mpaka ganda likang'aa, kila kona ikalainika, mtu akipitisha kiganja hakwami popote. Nilijiona fundi.

Umeme sitaurefusha. Shafti tatu, lakini mota ni mbili tu, za pembeni. Propela ya katikati inazungushwa na maji, na hakuna anayejua ila wewe na mimi. Kila mota ina kidhibiti mwendo chake, na kwa kuwa vyote viwili vinapeleka umeme kwenye risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti), waya mwekundu wa kimoja nimeuchomoa ili visigombane. Risiva nimeibandika juu kabisa, chini ya paa la chumba cha nahodha, kwa sababu mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapendi maji hata kidogo. Mirija ya shafti nimeijaza grisi.

Siku ya kwanza bwawani nilikwenda na binti yangu wa miaka tisa. Nikasukuma kijiti cha rimoti hadi mwisho. Mota zikalia, omo ikainuka juu kama farasi anayekataa kuvuka mto, tezi ikazama hadi maji yakalamba sitaha, na boti nzima ikawa inasukuma mlima wa maji mbele yake. Mwendo wake mtu angeufuata kwa miguu ukingoni bila kuhema.

"Baba," binti akaniambia, "mbona inalima?"

Sina neno bora kuliko hilo. Boti ya aina hii ikishapata mwendo inatakiwa ipande juu ya maji na kuteleza. Yangu ilikuwa inalima.

Mshukiwa wa kwanza ni uzito. Hapa kuna hesabu ambayo wengi tunaifanya tukiwa tumeshachelewa. Ukipunguza urefu mara 24, uzito unapungua mara 24 kwa 24 kwa 24, yaani mara 13,824. Boti halisi ikiwa imepakia kila kitu ilikuwa na tani 56 hivi. Gawanya, unapata kilo 4 na kidogo. Nikaiweka yangu kwenye mizani ya jikoni, nusu kwa nusu, omo kisha tezi, nikajumlisha: kilo 5.3. Nilikuwa nimebeba zaidi ya robo ya boti ambayo haikupaswa kuwepo.

Uzito haukai mahali pamoja ukisubiri uukamate. Gramu 900 zilikuwa betri ya risasi niliyoitoa kwenye boti ya zamani kwa ubahili tu. Nikaweka ya lithiamu ya seli tatu. Zilizobaki nilizisaka moja moja. Topido nilizichonga kwa mti mgumu, nikazitoboa katikati na kuziba ncha. Sitaha niliikwangua upande wa chini mpaka mwanga wa taa ukaanza kupenya. Nikafika kilo 4.3 nikasema basi, nisije nikabaki na rangi peke yake.

Safari ya pili ikawa na unafuu, lakini bado. Iliinuka kidogo, ikasitasita, ikakaa tena, kana kwamba kuna mtu chini anaivuta tezi. Nilihamisha betri tezi, nikaihamisha omo, na kama walivyosema wahenga, marejeo yakawa ngamani.

Jibu nililipata kwenye video ya simu, niliyoirudisha polepole usiku watu wamelala. Tazama ubavu wa boti ya kasi inayokwenda vizuri: maji yanatoka chini ya tumbo, yanafika kwenye kona ambako tumbo linakutana na ubavu, na pale yanakatika, yanaruka nje kama yamepigwa fagio, na ubavu unabaki mkavu. Kwangu hayakukatika. Yalifika kwenye kona, yakaizunguka taratibu, yakapanda ubavuni kama mtu anayepanda ngazi za kwao. Tezi hivyo hivyo: badala ya kuachana na boti, maji yalijikunja juu ya ule ukuta wa nyuma na kuushikilia. Nikaenda kwenye boti na tochi, nikapitisha kidole konani. Laini. Mviringo. Kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima.

Ni ule msasa. Pale penye umuhimu kuliko pote, kwenye kona mbili ndefu na ukingo wa tezi, ndipo nilipolainisha kwa mapenzi yangu yote.

Kutengeneza kulichukua jioni tatu, na sikufurahia hata moja. Nilikwangua rangi kando ya kona, nikabandika ukanda wa plastiki wa milimita 1.5 kutoka karibu na omo hadi tezi, ukichomoza nje kidogo tu. Juu yake epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa kujazia. Kisha msasa tena, ila safari hii umezungushwa kwenye kipande cha mbao iliyonyooka, na mkono wangu haukuruhusiwa kugusa kona moja kwa moja. Kipimo cha kuacha: ukipitisha ukucha, ukingo uukwangue. Rangi ya juu haijapendeza. Kuna mstari unaoonekana kabisa ukisogea karibu, na nimeamua nisisogee karibu.

Jumapili, basi. Kijiti mbele. Omo ikainuka, nikashika pumzi, kisha ikashuka yenyewe na boti ikaruka mbele kama imekatwa kamba. Ubavu mkavu! Maji yakawa mabawa mawili meupe pembeni. Kutoka nguzo moja ya bwawa hadi nyingine, ambazo nilipima ni mita 20, ilitumia sekunde tano. Ukitaka mawimbi yafanane na ya boti kubwa hugawanyi mwendo kwa 24, unagawanya kwa kipeuo chake cha pili, 4.9 hivi, kwa hiyo yangu ilikuwa sawa na boti halisi inayokwenda kilomita 70 kwa saa. Zile halisi zilifika 76. Nimeridhika.

Kwenye kona ya tatu niligeuza kwa nguvu kuliko ilivyo busara. Boti ikalala ubavu, ikajirudi, ikaendelea. Nilipoileta ukingoni binti ndiye aliyeona.

"Baba, mzinga uko wapi?"

Ule mzinga nilikuwa nimeuchonga kwa shaba jioni mbili, halafu boriti yake nikaigandisha sitahani kwa tone moja la supaglu, kwa sababu kufunga kamba nyembamba vile kulinichosha. Mzinga uko chini ya bwawa. Boriti tuliiona baada ya muda, imebanduka nzima, inaelea peke yake karibu na majani, na binti akaivuta kwa kijiti.