Nilivyoipanga historia ya katiba ya ukoloni kwa ajili ya usaili

Kwa msailiwa wa Kigoma, mahali pazuri pa kuanzia ni hapa hapa nyumbani, kwa sababu mji huu unaumbua kosa la kwanza kabisa: kudhani Mjerumani alipotoka Tanganyika, Mwingereza aliingia siku hiyo hiyo. Kigoma ilitekwa na Wabelgiji mwaka 1916, wakakaa hadi 1921. Kwa hiyo ile Amri ya Mfalme wa Uingereza ya 22 Julai 1920, iliyoweka Gavana, Baraza la Utendaji na Mahakama Kuu, ilitoka Mbelgiji angali anatawala huku ziwani.

Daftari langu lilikuwa na safu nne: tarehe, hati, nani mwenye mamlaka, nani ameketi barazani. Safu ya hati ndiyo inayookoa. Ukiulizwa Waingereza walianza lini kutawala Tanganyika, mwaka 1919 ni wa Mkataba wa Versailles, 1920 ni wa amri, na 1922 ndio Ligi ya Mataifa ilipothibitisha udhamini wa Mwingereza juu ya nchi. Taja hati kwanza, mwaka utafuata. Wanaosailiwa uafisa sheria waipigie mstari 22 Julai 1920: ingali hai katika Sura ya 358, yaani Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama na Matumizi ya Sheria (JALA), ndiyo kikomo cha sheria za Kiingereza tulizopokea.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Neno "udhamini" tunalitumia kwa vipindi viwili. Niliandika "udhamini wa Ligi" (hadi vita vya pili) na "udhamini wa Umoja wa Mataifa" (kuanzia Desemba 1946), kamwe si "udhamini" peke yake. Tofauti ni kubwa: katika ule wa pili raia aliweza kupeleka malalamiko moja kwa moja na kusikilizwa ana kwa ana, na ndiyo maana Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini Machi 1955. Na usiandike kwamba Tanganyika ilikuwa koloni la Waingereza, kisheria haikuwa.

Baraza la Kutunga Sheria linahitaji mistari mitatu, lisirundikwe. Mwaka 1926, chini ya Gavana Cameron: maofisa wa serikali 13 na wasio maofisa wasiozidi 10, Mwafrika hakuna. Mwaka 1945 waliingia machifu wawili, Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia, kwa kuteuliwa. Mwaka 1955 wasio maofisa wakawa 30, kumi kumi kwa kila rangi. Hesabu hiyo ya "usawa" huwapoteza wengi. Usawa wa viti, si wa watu.

Kura tatu, yaani utaratibu wa uchaguzi wa kwanza wa Baraza hilo, ndipo alama zinapomwagika. Mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha mmoja, karatasi imeharibika. TANU ilikubali kushiriki katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Uchaguzi ulikuwa wa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kwa hiyo ukijibu mwaka mmoja tu umejibu nusu.

Mwisho, tenganisha tarehe tatu: 1 Mei 1961 serikali ya ndani, 9 Desemba 1961 uhuru, 9 Desemba 1962 jamhuri. Katika mwaka ule kati ya uhuru na jamhuri mkuu wa nchi alikuwa Malkia, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Turnbull. Mstari huo niliuandika kwa wino mwekundu.